Alijua Kuamsha, Hakujua Kuamkia

Sikumpenda, na sitaanza kumpenda leo kwa sababu tu miaka imepita. Wapo watu wa Garsen ambao wakimkumbuka Mwalimu hucheka, wakasimulia viatu vyake na hasira zake kama mtu anavyosimulia mbuzi mtundu aliyewahi kufugwa nyumbani. Waache wacheke. Wao hawakuketi naye chumba kimoja kutoka asubuhi hadi jioni, wala hawakujua kile alichokijua yeye akakinyamazia.

Sote tulimwita Mwalimu, hata meneja, kwa kuwa aliletwa kutufundisha kompyuta. Kwao na ukoo wake sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kuulizwa. Alikuja baada ya zile mvua za El Nino, Tana ilipokuwa imemeza mashamba ya Wapokomo kutoka Kulesa hadi Ngao, na ng'ombe wa Waorma wakifa kwa maradhi yaliyofuata maji. Mradi wetu ulikuwa wa misaada na chanjo za mifugo. Tulikuwa na ofisi ya mabati, ghala, friji kubwa ya chanjo, na jenereta iliyonguruma usiku na mchana kwa ajili ya friji hiyo. Kisha wafadhili wakaleta kompyuta sita, na pamoja nazo wakamleta yeye. Mimi nilikuwa karani wa taipu. Nilizoea mashine ambayo ukiigonga inagonga, ukiiacha inanyamaza.

Nianze na viatu, maana vyenyewe vilitangulia kila mahali. Vilikuwa vya ngozi ya kahawia, vimeng'arishwa mpaka unajiona, na havikukanyaga tope hata siku moja. Nyumba aliyopewa ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mradi, na uwanja ule ulikuwa wa udongo mweusi ambao ukipata manyunyu unashika mguu kama deni. Akitoka kwake alitia viatu katika mfuko wa nailoni, akavuka kwa malapa huku akilaani kila hatua, akasimama mlangoni aoshwe. Nasema aoshwe kwa sababu maji yalikuwa tayari kwenye ndoo, na aliyeyateka alikuwa Mama Hawaye. Mwalimu alimwagiwa, akajifuta, akavaa soksi, akavaa viatu, akaingia. Neno ahsante sikulisikia. Nilikuwa nikitega sikio kila siku, kwa ubishi wangu tu, nione kama leo litamtoka.

Mama Hawaye ndiye aliyekuwa akisafisha ofisi. Alikuwa mjane wa Ngao aliyehamia Garsen baada ya maji kuchukua shamba lake, mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito na mzaha mwingi. Funguo zote za ofisi zilikuwa kwake. Alizifunga kwenye pindo la leso, fundo juu ya fundo, na katika fundo la peke yake aliweka ufunguo wa kanisa lililo ng'ambo ya barabara, karibu na kituo cha mabasi. Wanawake wa kanisa walimchagua yeye awe mfunguzi wakati wapo waliomzidi elimu na mali. Aliuona ufunguo ule kuwa cheo. Mwenzake akimtania kwamba anatembea na mnara mzima wa kanisa kiunoni, alicheka lakini hakukanusha.

Sasa, watu wa kwetu hawapitani kimya. Mworma au Mpokomo, Mswahili wa Kipini au Mgiriama, mkikutana asubuhi lazima mwamkiane, na Mworma atakuuliza mpaka habari za majani ya malisho ambayo huyajui. Barisa, mlinzi wetu wa langoni, alikuwa mchungaji aliyefiwa na mifugo yake, na salamu zilikuwa ndiyo mali aliyobakiwa nayo. Kila asubuhi alisimama wima.

"Mwalimu, habari ya nyumba? Habari ya mwili? Habari ya usingizi?"

"Kuna mtu aliyegusa mashine?" Mwalimu alijibu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake, kwa Barisa, kwa Mama Hawaye, hata kwa mzee mmoja wa kijiji aliyekuja na fimbo yake kuomba chanjo. Mimi nikawaambia wenzangu kuwa huyu bwana anajua kuamsha lakini hajui kuamkia. Neno likasambaa mpaka ghalani, na watu wakawa wanaligawana kama njugu.

Niliposema kuamsha nilikuwa na maana yangu. Mwalimu alikuwa na jambo moja moyoni kuliko mshahara na kuliko wanafunzi. Alitaka kukaa nyumbani kwake, ng'ambo ya tope, abonyeze kitufe kimoja, na kompyuta sita zilizolala ofisini ziamke zenyewe. Alikuwa amevuta waya kutoka ofisini mpaka chumbani kwake, juu ya nguzo, na akaagiza vifaa vipya kutoka Nairobi, kila kimoja na kiwaya chake kifupi cha kuunganishia ndani ya mashine. Alisema Ulaya maofisi makubwa yameanza kufanya hivyo. Kwamba angeweza kuvuka uwanja tu na kuziwasha kwa kidole, hilo hakutaka kulisikia.

Siku moja alituketisha akatueleza, na nikiri, siku hiyo alieleza vizuri. Alisema kompyuta iliyozimwa kwa njia yake haijafa, imelala, na wakati imelala sikio moja liko macho, linalishwa umeme kidogo. Kila mashine ina jina lake la namba na herufi, refu, lisilofanana na la nyingine. Wewe unatuma jina lile kwenye waya, limerudiwa mara kumi na sita mfululizo, na mwenye jina akisikia anaamka.

"Nayo huitika vipi?" niliuliza. Kwetu mtoto akiitwa anaitika labeka au naam, na asipoitika atajua kilichomtoa kanga manyoya.

"Haiitiki. Inaamka tu."

"Utajuaje kama imesikia, nawe uko nyumbani?"

"Ikishaamka itaonekana kwenye mtandao," alisema. "Isipoonekana, haijaamka. Mtandao haudanganyi, binti. Watu ndio wanaodanganya."

Barisa alikuwa amechungulia dirishani. Aliinama akaitazama ile taa ndogo ya kijani nyuma ya mashine, inayowaka hata kila kitu kikiwa kimya. "Hii nalala kama ng'ombe," alisema. "Jicho yake iko wazi." Tulicheka sote isipokuwa mwenye somo. Naye Mama Hawaye, akiwa na ufagio, akasema, "Mwalimu, wazee walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe."

"Hayo ni ya watu, mama. Mashine haina roho. Fagia."

Alikuwa na misemo yake, na yote ilikuwa na kidole ndani yake. Kompyuta haikosei, hukosea kidole. Kidole kisichofundishwa ni nyundo. Toa kidole. Ukikosa herufi moja alinyanyua kibodi yako yote akaiweka mbali nawe, kama mama anayemnyang'anya mtoto kisu, halafu akatoka nje kuvuta pumzi. Karani wa ghala, mtu mzima mwenye wake wawili, aliwahi kulia. Sisemi alitokwa na chozi, nasema alilia.

Lakini mashine hakuzipazia sauti. Akidhani yuko peke yake alizibembeleza. Nilimsikia kwa masikio yangu akiiambia mojawapo, "Haya basi, mpenzi, nini tena leo?" na sauti yenyewe ilikuwa ya mtu mwingine, laini, yenye subira isiyo na mwisho. Ndipo nilipojua kuwa upole anao, ila ametuona sisi hatuufai. Tangu hapo nilimchukia kwa haki kabisa. Mtu asiye na upole utamwambia nini? Huyu alikuwa nao akaufungia.

Na si huo tu. Mwoga wa tope alikuwa jasiri wa maji. Barabara ilipokatika na redio ya zahanati moja ya mtoni ikafa, Mwalimu alipanda mtumbwi na mabegi yake, mto ukiwa umefura na mamba wamesogea mpaka mashambani, akaenda akaitengeneza, akarudi na homa, wala hakudai hata chai. Homa ile ilikuwa malaria, ikamlaza. Aliyemkanda kwa maji na kumpikia uji alikuwa Mama Hawaye, asubuhi na jioni, kwa hiari yake, mpaka akasimama. Alipopona alimwambia kuwa uji ulikuwa na sukari nyingi. Watu humtetea Mwalimu kwa ule mtumbwi. Mimi mtumbwi huo ndio ninaomhukumu nao, kwa sababu umenionyesha kwamba moyo wa kufanya jambo gumu alikuwa nao.

Sasa nieleze ya Mama Hawaye, ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kabla ya vile vifaa vipya kuja, Mama Hawaye alikuwa akichomoa plagi zote jioni kabla ya kufunga. Kila mtu wa Garsen hufanya hivyo kwa kuogopa radi. Radi imeshachoma redio nyingi huku. Siku ya kwanza baada ya kufunga vifaa vyake, Mwalimu aliingia akakuta zile taa za kijani zimezimika.

"Nani amechomoa?"

"Mimi, baba. Nilisikia mbingu zinanguruma."

"Nilisema zilale! Sikusema ziuawe! Ukichomoa umeua, umesikia? Rudia."

Mwanamke mwenye wajukuu akarudia mbele yetu sote: nikichomoa nimeua. Kuanzia hapo hakugusa plagi. Bali neno lile la kulala alilichukua kwa moyo wake wote. Kama zinalala, zifunikwe. Alitafuta magunia ya unga wa msaada, akayafua mpaka yakawa laini, akayapiga pindo kwa uzi mwekundu, akashona shuka sita. Jioni alizifunika skrini na masanduku yake, moja moja, akizivutia nguo kwenye pembe ili vumbi na mbu wasiingie. Mwalimu aliziona shuka zile kila asubuhi. Hakusema zitoke, wala hakueleza kwamba kitu kinachoamka chenyewe hakifai kufunikwa gubigubi. Mimi nadhani zilimpendeza.

Kisha akamkamata karani wa ghala akicheza karata kwenye kompyuta. Kwa hasira akaweka neno la siri kwenye kila mashine, tena pale mwanzoni kabisa, ili ikiwashwa isiende popote mpaka ipewe neno hilo. Alilijua yeye tu, nasi akawa anatuandikia mwenyewe kila asubuhi, akituelekeza tugeuze nyuso ukutani.

Hapo utaona kilichotokea, lakini sisi hatukukiona, na yeye mwenye elimu yake hakukiona. Alfajiri, kabla ya watu kufika, aliketi nyumbani kwake akaziita mashine. Zilisikia. Ziliamka zote. Zikafika kwenye neno la siri zikasimama, zinamsubiri mtu wa kuandika, na kwa kuwa zimesimama hapo hazijaingia mtandaoni. Yeye kule chumbani akatazama mtandao, akaona kimya, akasema hazikuamka. Akalaani vifaa vya Nairobi, akaoga, akavaa.

Mama Hawaye alifungua ofisi akakuta mashine zinavuma ndani ya shuka. Alinikimbilia nilipokuwa nikiingia langoni. "Mwanangu, njoo uone. Zimeamka, na mimi sijazigusa." Tulizifunua. Kila skrini ilikuwa inauliza neno la siri. Mwalimu alipofika alizizima bila kutuuliza neno, akatutazama tu. Ikatokea tena. Mara ya tatu tulikuta harufu ya kuungua chumba kizima, shuka moja imegeuka rangi ya chai, na skrini iliyo chini yake imekufa kwa joto.

Meneja aliitwa. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye kupenda jambo limalizike kabla ya chakula cha mchana.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Ni wazi, bwana. Mtu ameziwasha. Zimemuuliza neno la siri, ameshindwa, ameziacha zikiwaka akazifunika ili tusijue. Mashine haijiwashi."

Siku hiyo hakuwa akisema uongo. Aliamini amri zake zote zimeshindwa. Nampa haki yake hiyo, nayo ni ndogo.

"Nani ana funguo?" meneja aliuliza, na macho yetu yalikuwa yameshajibu.

Barisa alisogea mbele. "Bwana, mimi nakaa langoni. Mtu hapana ingia. Mama nakuja asubuhi, mimi naona yeye nafungua. Hii kompyuta naamka yenyewe."

"Inaamka yenyewe?" meneja alisema. "Au nyinyi wawili mnawaletea vijana wa mjini wachezee, halafu mnakula nao?" Barisa alirudi langoni kwake. Alikuwa na watoto wa kulisha, na mimi simlaumu.

Mama Hawaye hakulia. Alifungua mafundo ya leso yake taratibu, akatoa funguo za ofisi, akaziweka mezani. Alimgeukia Mwalimu. "Baba, wewe uliniambia zisichomolewe. Sikuchomoa. Sasa nimekosa nini?" Mwalimu alikuwa akiifungua ile skrini iliyoungua kwa bisibisi. Hakuinua uso.

Garsen ni mji mdogo. Kabla ya jua kuzama kila mtu alikuwa amesikia kwamba Mama Hawaye alikuwa akifungulia watu ofisi ya mradi. Jumapili iliyofuata wanawake wa kanisa walimwendea kwa maneno matamu. Hawakumshtaki. Walisema amechoka, apumzike kidogo, mwingine ashike ufunguo kwa muda. Nilikuwepo nyumbani kwake, maana tulikuwa majirani, na nilijaribu kusema, lakini mmoja wao aliniambia kwa upole kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama Hawaye alifungua fundo la mwisho. Aliwapa ufunguo kwa mikono miwili, kama anayempa mtu mtoto, akawasindikiza mpaka njiani. Aliporudi alikaa juu ya kinu akaniambia, "Kazi nitapata, mwanangu. Mikono ninayo. Lakini jina hili walilonipa leo nitaliondoa na sabuni gani?"

Baada ya hapo ilikuwa siku ya mvua, nami niliwahi kufika kazini. Nilikuwa nimekaa peke yangu chumbani, sijagusa kitu, ninasubiri Mwalimu aje aniandikie neno lake la siri. Mashine zilikuwa kimya. Ghafla mojawapo ikavuma. Ya pili ikavuma. Zikafuatana mpaka zote tano zilizobaki zikawa zinawaka mbele yangu. Ndipo nikakumbuka somo. Nilitoka mbio nikavuka uwanja, tope likanivua ndara moja nikaiacha humo humo, nikagonga mlango wa Mwalimu.

Alikuwa kwenye kompyuta yake na kikombe mkononi. "Leo ndiyo nimezijaribu tena tangu skrini iungue, na haziamki, takataka hizi," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Zimeamka, Mwalimu. Zote. Zinauliza neno la siri."

Alinitazama. Kisha mtu huyo asiyekanyaga tope akatoka na miguu mitupu, akakimbia, akateleza akapiga goti, akainuka, akaingia ofisini akiacha nyayo nyeusi kwenye sakafu. Alisimama mbele ya zile skrini, na uso wake ulikuwa wa furaha tupu. "Neno la siri," alisema. "Neno la siri ndilo lililozizuia. Zilikuwa zinaamka. Zilikuwa zinaamka siku zote!" Akapiga makofi. Akaishika kompyuta ya mwisho kichwani kama anayemshika mtoto aliyefaulu mtihani.

"Basi Mama Hawaye hakuziwasha," nilisema.

Makofi yakakoma. Nilimwona akilipokea lile jambo, nikaona limeingia, limefika mahali pake. Asije mtu akaniambia hakuelewa. Alielewa kabla sijamaliza.

"Nyamaza kwanza," alisema. "Hebu tulipange hili vizuri."

Alilipanga vizuri kwelikweli. Aliondoa neno la siri. Alimwita meneja nyumbani kwake akabonyeza kitufe, na mimi nikiwa ofisini nikaagizwa nipige kelele dirishani zikiamka. Meneja alifurahi. Wafadhili wakaja na magari yao wakaonyeshwa, wakapiga picha. Nilipompata meneja peke yake nilimweleza yote. Alimwita Mwalimu mbele yangu, na hilo namshukuru.

"Huyu binti anasema mashine zilikuwa zikiamshwa na wewe tangu mwanzo."

"Haikuwa ikifanya kazi, bwana," Mwalimu alisema, akinitazama usoni bila kupepesa. "Imefanya kazi siku hiyo ya mvua kwa mara ya kwanza. Mimi ndiye fundi, nadhani ningejua."

Meneja akageukia makaratasi yake. Mimi ni karani, nimejifunza kompyuta kwa huyo huyo ninayemshtaki. Neno langu lilikuwa na uzito gani? Nje nilimshika mkono wa shati, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mwanamume yeyote kazini, nikamuuliza kwa nini.

"Unataka niwaambie wafadhili kwamba mimi ndiye niliyeunguza skrini yao?" alisema. "Yule mama ataponea kwingine. Mimi jina langu ndilo kazi yangu."

Nilimjibu kwamba hata yule mama alikuwa na jina. Alitoa shati lake mkononi mwangu akalinyoosha.

Aliondoka mkataba wake ulipokwisha. Sisi tulibaki na mashine zetu, na Mama Hawaye akabaki na jina alilopewa. Alianza kukaanga kambare karibu na kituo cha mabasi. Kanisani aliendelea kwenda, akikaa benchi la nyuma. Nilisimulia ukweli kwa kila aliyetaka kusikia. Waliniitikia kwa kichwa, kisha wakasema ni jirani yake, atasema nini tena? Alichokosa Mama Hawaye ni mdomo mmoja tu, nao ulikuwa wa Mwalimu.

Aliporudi ilikuwa mwisho wa mwaka tisini na tisa. Watu walikuwa wameogopeshwa kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zitapotewa na akili, na mradi ukamwita aje azipime. Alikuwa amenenepa kidogo. Viatu vilikuwa vingine, vyeusi. Alifanya kazi yake kimya akafunga begi, nami nikamfuata nje bila kumwambia. Magari ya kwenda Malindi yalikuwa yakisafiri kwa msafara, yakisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi wa njiani, kwa hiyo abiria wote walisubiri kituoni mpaka askari waseme twende.

Alisimama mbele ya karai la Mama Hawaye akaomba samaki wawili, akalipa. Hakumtambua. Alikuwa akitazama samaki.

"Mwalimu," nilisema nyuma yake, "humwamkii aliyekukanda ukiwa na homa?"

Aligeuka akaniona. Akamtazama Mama Hawaye, na safari hii alimwona. Ng'ambo ya barabara kwaya ilikuwa kanisani ikifanya mazoezi ya Krismasi, milango wazi, sauti zikitufikia pale pale tulipo. Labda alikuwa amelibeba jambo lile muda wote, sijui, na sitamsaidia kwa kubuni.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, akiinama kama anayekagua samaki. "Zile mashine. Ni mimi niliyekuwa nikiziamsha. Wewe hukufanya lolote. Nilijua."

Mama Hawaye aligeuza samaki upande wa pili. Mafuta yalilia, akasubiri yatulie.

"Mimi nilijua kuwa si mimi, baba," alisema. "Hapo hukuniletea habari. Wasiojua ni wale wanaoimba pale. Twende ukawaambie hivyo hivyo ulivyoniambia, sauti ipande kidogo tu."

Mwalimu alitazama kanisa. Barabara ilikuwa kavu, hakuna tone la tope. Kisha akatazama saa yake.

"Msafara unaondoka, mama."

"Askari bado wanakula."

Walikuwa wanakula kweli, kwenye benchi la hoteli iliyo jirani, mikanda imelegezwa na chai inamiminwa. Mwalimu aliwaona. Alibadilisha begi mkono, akasema neno kama Mungu akipenda, akapanda basi lililokuwa tupu, likichemka kwa jua. Alikaa dirishani na akafunga kioo.

Nilitaka kumtukana, na matusi nilikuwa nayo tayari, ya Kipokomo na ya Kiswahili. Mama Hawaye alinizuia kwa jicho. Alitoa samaki wawili kwenye mafuta, akawakung'uta, akawafunga kwenye gazeti akanikabidhi.

"Mpelekee," alisema. "Ameshalipa. Mimi siweki cha mtu."

Niligonga kioo. Alifungua kiasi cha mkono kupita, akapokea kwa mkono wa kushoto, akafunga. Nilisimama pale pale chini ya dirisha lake ili asipate pa kutazama. Msafara haukuondoka mpaka kwaya ilipomaliza kuimba, watu wakatoka mmoja mmoja mbele ya basi lake, wakafunga kanisa, wakaenda zao.